Kiatu Kimoja cha Chuma

Ninyi mnaokaa pale gereji kwa Ngelela mmeniuliza swali moja tangu nirudi: "Masanja, ulishinda?" Nikisema ndiyo, nadanganya. Nikisema hapana, nadanganya pia, kidogo. Nimejaribu kueleza kwa mdomo mara nne, na kila mara nimejikuta nimetia chumvi au nimepunguza, kwa hiyo nimeona bora niandike, nikifuata daftari nililokuwa nalo huko. Mimi ni wa darasa la saba, mnajua. Mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni vichwani mwenu mwendelee. Habari za pasi na mihuri naziruka. Zilichukua miezi minane na hazina ladha.

Kwa asiyejua chanzo: Bwana Bosse, yule Mswidi aliyechimba visima na mradi wa maji hapa Shinyanga, ndiye aliyenifundisha mchezo huu nyuma ya karakana ya mradi. Wanashindana watu wanne, mizunguko minne, kwenye uwanja wa udongo. Pikipiki haina breki na ina gia moja. Kona zote ni za kushoto. Unailaza, unauburuza mguu wa kushoto chini, na ndiyo maana buti la mguu huo hufungiwa kiatu cha chuma kwa mkanda wa ngozi. Mguu wa kulia unakaa juu ya pikipiki, hauhitaji kitu. Bosse aliporudi kwao aliniachia kiatu chake kimoja, baadaye akaniandikia kwamba klabu yake, nje kidogo ya Stockholm, inatafuta mkimbiaji wa akiba, namba saba. Nafasi ni moja. Nikiipata, nitakimbia kwenye ligi yao kiangazi chote. Nikiikosa, nirudi nyumbani.

Shinyanga hadi Dar

Treni ilichelewa saa tano, na kwa saa tano hizo mama aliniaga mara tatu. Mara ya tatu alisema, "Sasa nenda basi, nimeishiwa ya kusema." Akanitia mikononi mfuko wa matobolwa, vile viazi vyetu vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, akakaa kwenye benchi bila kuniangalia.

Tabora tulikaa siku nzima tukingoja mabehewa ya Kigoma yaje kuungwa na yetu. Jirani yangu alikuwa mama mmoja mwenye dumu la asali. Aliona kitu kinang'aa kwenye begi langu.

"Hicho nini, mwanangu?"

"Kiatu, mama."

"Cha punda?"

"Cha mtu."

Akaniangalia miguu. "Na cha pili?"

"Hakuna cha pili."

Akalisogeza dumu lake kidogo, upande wa mbali na mimi. Lakini niseme haki: Saranda, tuliponunua kuku, ni yeye aliyenikatia paja, na asali akanipa kwenye kifuniko. Nililamba kifuniko hicho huku nchi ikipita dirishani, kavu, nyekundu, na sikuwa na uhakika kama ni mimi ninayeondoka au ni nchi.

Dar, uwanja wa ndege, afisa wa forodha alikitoa kiatu na kukishika kwa vidole viwili.

"Kijana, unapeleka Ulaya kiatu kimoja?"

"Ndiyo, afande."

"Cha pili umekitanguliza?"

Nikamweleza juu ya kona za kushoto. Alimwita mwenzake, nikaeleza tena. Yule wa pili alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwache aende. Mtu mwenye nia mbaya angekuwa na viwili." Wakanipigia alama ya chaki kwenye begi.

Moscow, siku mbili ambazo hazikuwa kwenye tiketi

Tulipaswa kubadilisha ndege Moscow tu, lakini ukungu ulishuka ukakaa. Walitupeleka kwenye jengo refu, na kila ghorofa ilikuwa na mama mmoja kwenye meza, mtunza funguo. Wa kwetu alikuwa mnene, na kilemba cha sufu. Nje ya dirisha hapakuwa na kitu kabisa. Nilikuwa kama nimeketi ndani ya maziwa. Kwa siku mbili hizo sikumbuki kuota ndoto, labda kwa sababu hapakuwa na haja.

Asubuhi ya pili alikuja chumbani na shuka, akakiona kiatu juu ya kiti. Alikigusa. Alinitazama miguu yote miwili, akaonyesha mbali, upande ambao labda alidhani ni kwetu, akafanya ishara ya mtu anayechechemea. Nikaelewa: anadhani ninampelekea ndugu yangu kilema. Nikatikisa kichwa kukataa, naye akadhani ninahuzunika. Akatoka, akarudi na picha ndogo ya mwanamume aliyevaa koti la jeshi, mguu mmoja, gongo chini ya kwapa. Mume wake. Akalia kidogo. Akaniletea chai nyeusi, mkate mweusi na kipande cha samaki wa chumvi, akakipapasa kiatu kile kama mtu anavyompapasa mtoto kichwani.

Nilimpa matobolwa matatu. Alikula moja mbele yangu, polepole, mengine akayafunga kwenye leso. Sikuwa na lugha ya kumweleza kweli. Lakini nimeandika daftarini, na sasa naandika tena: hata kama ningekuwa nayo, sijui kama ningesema. Chai ilikuwa tamu. Jambo hili lilinifuata hadi Stockholm, na lina kazi yake huko mbele.

Jakobsberg

Bosse alinipokea uwanja wa ndege kwa kelele: "Mwangaluka!" Hiyo ni salamu yetu ya asubuhi, na saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na nusu usiku. Nikamwambia. Akaonyesha jua, ambalo kweli lilikuwa limesimama juu ya miti bila dalili ya kutaka kwenda popote. "Hapa kwetu mwezi huu ni asubuhi tu," akasema. "Jioni tunaifungia kabatini hadi Septemba."

Bosse anaishi chumba kimoja na injini tatu, kwa hiyo alikuwa ameniombea malazi Jakobsberg, kwa Mama Sanyu, Mganda aliyekimbia kwao wakati wa vita na sasa anafua nguo za hospitali pamoja na dada yake Bosse. Kiswahili chake alikiokota Nairobi njiani. Bintiye Sanyu anaelewa kila kitu na hujibu kwa Kiswidi.

"Ssebo, karibu," Mama Sanyu aliniambia mlangoni, ssebo ndiyo "bwana" ya kwao. "Viatu unatoa hapa. Yote. Na hiyo ya chuma pia."

Ugali wake anausonga kwa semolina, maana sembe haipatikani. Ni laini mno, unateleza mkononi kabla hujaamua. Lakini wana maziwa mgando kule, kwenye boksi, machachu sawasawa na ya kwa mama. Nilimimina juu ya ugali nikala sahani mbili. Samaki wao ndiye aliyenishinda: wanamtia sukari. Nilimla kwa heshima, mmoja tu.

Kwenye treni ya kwenda mjini nilisalimia behewa zima. Nilianza na mzee wa karibu na mlango nikaenda mbele. Hakuna aliyekasirika. Walinitazama kama watu walioamshwa. Mama Sanyu alinivuta shati.

"Wewe kaa chini. Hapa mtu unaweza keti naye mwaka mzima, na siku ya kufa ndiyo unajua jina."

"Sasa wanajuaje kama mwenzao mzima?"

"Wanamuona amekuja."

Nilifikiri juu ya hilo siku nyingi. Si jibu baya.

Uwanja nyuma ya misonobari

Uwanja uko nje ya mji, nyuma ya msitu wa misonobari, na siku ya kwanza nilinusa harufu kabla sijauona. Nikasimama. Mafuta ya nyonyo. Ninyi mnayajua, yale ambayo bibi alitunywesha tukiwa na tumbo, ambayo wazee hupaka ngozi. Kumbe ndiyo wanayolainishia injini za pikipiki hizi, na yakiungua moshi wake unatoka mtamu, wa kama karanga zilizoanza kuungua. Nilisimama kati ya miti ambayo siku ile sikujua jina la hata mmoja, nikimtafuta bibi yangu kwa macho.

Hapo ndipo nilipomkuta Lasse. Alikuwa ndiye namba saba wa miaka yote, dereva wa basi, miaka arobaini na moja, mrefu, mikono ya kufungulia madirisha ya juu. Nafasi niliyoijia ilikuwa yake. Bosse hakuwa ameniandikia hilo. Nilipomuuliza alisema, "Klabu inataka kuona kama kuna mwingine. Ni kawaida, Masanja. Na Lasse mwenyewe amekubali."

Lasse alinipa mkono. Akatazama kiatu changu, akageuza kuona mkanda, akatoa kisu mfukoni na kunitobolea tundu jingine ili kinibane vizuri. Nilitaka awe mtu mbaya. Ingenisaidia. Hakuwa.

Kisha mvua. Udongo ukilowa hawakimbii, na mvua yao si ya kumwagika ikaisha, inaning'inia tu hewani kama mtu aliyesahau alichokuja kusema. Siku tisa tulikwenda uwanjani na siku tisa tulikunywa kahawa kwenye kibanda. Lasse na mimi tulicheza drafti. Yeye hana Kiswahili, mimi nina maneno kumi ya Kiswidi. Alinishinda mara nyingi zaidi. Wakati mwingine alinyoosha mguu wake wa kushoto, akaupiga goti kwa ngumi, akautazama kama mtu anayesubiri jibu la barua.

"Anafanya nini?" nilimuuliza Bosse siku moja.

"Anauuliza kama bado upo naye," Bosse alijibu.

Siku ya majaribio

Siku ya kumi jua lilitoka. Tuliukagua uwanja kwa miguu, kama desturi, kila mtu akichimba chimba kwa kisigino mahali pa kuanzia. Walipanga mbio moja: Lasse, mimi, na wakimbiaji wawili wa timu. Atakayemaliza mbele ya mwenzake kati yangu na Lasse ndiye namba saba.

Kamba za kuanzia zikaruka. Nilichelewa, huwa nachelewa. Kwenye kona ya kwanza nilikuwa wa mwisho na sikuona ila udongo unaorushwa. Mzunguko wa pili pikipiki ilitulia chini yangu, sauti zikaisha. Hili siwezi kulieleza vizuri. Ukiwa umeilaza sawasawa inakuwa kama inakwenda yenyewe kwa upole, na wewe umekaa kando unaiangalia. Lasse alikuwa mbele yangu. Aliacha nafasi upande wa ndani, si kubwa. Nikaingia. Tulikuwa bega kwa bega, yeye kulia kwangu, na nikasikia kitu kidogo, *tik*, chini karibu na mguu wangu wa kulia. Nikafikiri: jiwe. Halafu Lasse hakuwepo.

Taa nyekundu. Alikuwa amekaa kwenye udongo, mzima, akiushika mguu wa kushoto kwa mikono miwili, hauumi, anautazama tu. Sheria yao ni kwamba aliyesababisha mbio kusimama hutolewa, na waliobaki huanza upya. Mwamuzi aliona mtu ameanguka peke yake. Akamtoa Lasse.

Nilimwambia Bosse, "Bwana Bosse, nilisikia kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kama jiwe."

"Basi ni jiwe. Mwamuzi amesema. Uamuzi ukishatoka haurudi, kama maji ya kisima kibovu."

Tukaanza upya, watatu, nikamaliza wa pili. Namba saba nikawa mimi. Lasse alinipa mkono tena. Alisema maneno machache, na Bosse akanitafsiria huku akiangalia pembeni: "Anasema hakuguswa na mtu. Mguu umekataa wenyewe. Anasema siku zote alijua utakataa siku moja, na afadhali umekatalia mazoezini kuliko kwenye ligi. Anaacha kukimbia."

Madonge kwenye roshani

Sasa hapa mtanicheka, lakini mnakumbuka kazi niliyofanya mradi wa maji baada ya utarishi. Kila mita ya udongo uliotoka kisimani niliuweka kwenye mstari, ukakauka, nikauvunja kwa vidole, nikaandika: mfinyanzi, mchanga, mawe. Bosse alitufundisha usitupe udongo kabla hujauangalia. Tabia hiyo imenikaa. Nilipoosha pikipiki jioni ile, udongo ulionasa sikuutupa. Niliutoa madonge madonge, la gurudumu la mbele, la mnyororo, la chuma cha kukanyagia mguu wa kulia, nikayapeleka Jakobsberg na kuyapanga juu ya gazeti kwenye roshani ya Mama Sanyu. Nilitaka kujua wanachanganya nini, tutengeneze uwanja kama ule hapa Shinyanga.

"Banange," Mama Sanyu alisema. "Mimi nafua uchafu ya hospitali mzima, nakuja nyumbani napata ingine imepangwa mstari."

"Inakauka tu, mama."

"Ikauke, iende."

Siku ya tatu, Ijumaa, nililikuta donge la chuma cha kukanyagia limepasuka katikati. Ndani yake palikuwa na kipande cha ngozi, urefu wa kidole gumba, kimechanika upande mmoja, na upande wa pili kina ribiti. Mkanda wa kiatu cha chuma. Wangu ulikuwa mzima, na tundu la Lasse juu yake.

Nilikaa chini kwenye roshani. Niliyaona yote kwa uwazi, kama yanatokea polepole kwenye ukungu: ninaingia ndani, chuma changu kinaunasa mkanda wake, *tik*, unamvuta mguu, anaanguka. Mguu wake haukukataa. Niliunasa mimi.

Mtasema, basi si ungekwenda palepale. Sikwenda. Ijumaa nilikiweka kipande mfukoni. Jumamosi nilikitoa, nikakitazama, nikakirudisha. Nilijiambia kwamba mwamuzi amesema. Nilijiambia kwamba ngozi ni ngozi, labda ni ya mtu mwingine wa mwaka jana. Nilijiambia kwamba mama alikaa saa tano kwenye benchi. Na kila nilipofumba macho nilimwona yule mama wa Moscow, matobolwa yangu kwenye leso yake, akiamini jambo lisilokuwepo. Yeye sikuweza kumwambia. Huyu ninaweza.

Jumamosi jioni nilikiweka mezani mbele ya Mama Sanyu nikamweleza.

Alikigeuza geuza. "Ukimuambia, unarudi kwenu?"

"Labda."

"Na usipomuambia?"

"Nakimbia ligi."

"Na yeye?"

"Ataendelea kuamini mguu wake umekufa."

Alimaliza chai yake. "Mimi mambo ya pikipiki sijui. Lakini dada ya Bosse alisema huyo mzee kesho anauza vitu yake Skärholmen, pale soko ya chini. Mimi nahitaji sufuria. Twende pamoja, wewe uangalie nini unataka njiani."

Skärholmen

Ni mbali. Treni hadi mjini, halafu ile ya chini ya ardhi, mstari mwekundu. Tulipita gizani tukatokea juani, gizani tena, juani tena, na watu wameketi kimya na maua kwenye magoti. Sikusalimia mtu. Kila kituo nilijiambia nitaamua kituo kinachofuata.

Soko liko chini, kwenye maegesho ya magari yasiyo na magari. Meza zimejaa vikombe, redio, makoti ya marehemu. Watu wengi, lugha nyingi, na juu ya yote mwangwi, kama tunatembea ndani ya ngoma. Lasse alikuwa mwisho wa safu. Kwenye meza yake: suti ya ngozi, glavu, kofia, miwani. Na kiatu cha chuma, kimoja. Mzungu mmoja mwenye suspenda, zile kanda za kushikilia suruali mabegani, alikuwa amekishika tayari, anakipima uzito.

"Anakitaka cha kazi gani?" nilimnong'oneza Mama Sanyu.

Alisikiliza. "Ya kuzuia mlango."

Lasse aliniona akatabasamu, akaonyesha glavu, kwamba nichukue kama nitapenda. Nikatoa kile kipande. Nilimwomba yule mwenye suspenda, kwa ishara, akiweke kiatu mezani, akakiweka. Mkanda wake ulikuwa umechanika, na bila shaka alidhani ulichanika alipoanguka. Nikakilaza kipande changu pale palipokosekana. Kiliingia mahali pake, uzi kwa uzi.

Lasse akavaa miwani ya kusomea. Akainama kwa muda mrefu.

"Anauliza umekitoa wapi," Mama Sanyu alisema.

"Kwenye udongo, chini ya mguu wangu wa kulia. Mwambie nilikinasa mimi. Hakuanguka peke yake."

Akamwambia. Mzungu wa suspenda naye alisikiliza, hakuondoka.

"Anauliza umejua lini."

"Ijumaa."

"Anasema leo ni Jumapili."

"Mwambie najua. Siku mbili nilikuwa mwoga."

Lasse aliposikia hilo alivua miwani. Alinyoosha mguu wa kushoto kando ya meza, akaupiga goti kwa ngumi, kama alivyofanya kibandani, na safari hii akaendelea kuupiga taratibu huku akiutazama, uso unalegea, mpaka nikaona aibu kumwangalia. Kisha akanyoosha mkono, akakivuta kiatu upande wake wa meza na kumwambia yule mwanamume neno moja.

"Haiuzwi," Mama Sanyu alitafsiri. Mwenye suspenda alilalamika, akaonyesha suti. "Hiyo pia," Mama Sanyu alisema. "Na kofia. Sasa anakuambia wewe umekuja haribu biashara yake, angalau kaa unywe kahawa."

Tukakaa nyuma ya meza iliyobaki na glavu tu. Kahawa ya chupa, mikate ya mdalasini. Hakunishukuru, nami sikumwomba msamaha. Nilitazama watu wakipita kwenye ule mwanga wa taa, nikahisi usingizi mzito, mtamu, ambao sikuwa nao tangu Ijumaa. Mama Sanyu alipata sufuria.

Alhamisi, na kiangazi kilichobaki

Lasse alimwambia kiongozi wa klabu mwenyewe, na kiongozi akasema turudie, wawili tu, Alhamisi. Bosse ndiye aliyenipeleka uwanjani. Tulipofika akazima gari.

"Ulikuwa umeshaipata, Masanja."

"Nilikuwa nimeichukua, Bwana Bosse."

"Hm," alisema. "Mimi ndiye niliyekufundisha kutazama udongo. Najilaumu."

Tulikimbia mizunguko minne. Niliongoza hadi wa tatu. Kwenye kona ya mwisho Lasse alipita nje, upande ambao hakuna anayepita kwa kuwa udongo ni mwingi, mguu wake ukiburuzwa na kutoa cheche, na akanishinda kwa urefu wa gurudumu. Mmeniuliza kama nilimwachia. Nimejiuliza mimi zaidi yenu. Nadhani sikumwachia. Nilisikia injini yake kulia kwangu, nikajiminya kushoto ili nisimguse, na labda nilijiminya kuliko ilivyohitajika. Hilo ndilo ninaloweza kuapa, zaidi ya hapo sina.

Klabu iliniacha nibaki hadi mwisho wa msimu, si kama namba saba, ila kama mshika pikipiki wa namba saba. Nilimsukumia Lasse pikipiki iwake, nikamfunga mkanda mpya, nikamwoshea udongo. Siku nyingine alikimbia vizuri na siku nyingine alikuwa wa mwisho, sitampamba. Mchezo mmoja mwezi wa nane mgongo ulimshika. Nikavaa namba saba. Nilikimbia mara moja, nikawa wa tatu, na wa tatu hupewa pointi moja. Niongeze kwamba wa nne pikipiki yake ilizimika kwenye kona ya pili, kwa hiyo pointi ile niliipata kwa kufika tu. Lakini nilifika. Moshi wa nyonyo ulikuwa umetanda chini ya taa, watu wanapiga makofi, na Sanyu, ambaye hajawahi kunisemesha kwa Kiswahili, alinipigia kelele kutoka kwenye uzio: "Kaza!"

Kurudi

Jua lao lilianza kuondoka mapema, kama mgeni aliyekumbuka safari yake. Mchezo wa mwisho ulipokwisha Lasse alikaa kwenye kibanda, akakifungua kiatu chake, akakifuta kwa kitambaa, akanipa. Alisema kupitia kwa Bosse kwamba sasa ameacha, na safari hii ni yeye aliyeuambia mguu, si mguu uliomwambia yeye.

Moscow hapakuwa na ukungu, tulibadilisha ndege kwa saa moja. Nilikuwa nimebeba picha ya Lasse na mimi, nikitumaini kuchelewa ili nimwonyeshe yule mama. Hatukuchelewa.

Dar, forodha, alikuwa afisa mwingine. Alifungua begi, akavitoa viatu vyote viwili, akavipanga mezani kimoja kando ya kingine. Akavitazama. Akavibadilisha nafasi, cha huku akakiweka huku, akavitazama tena.

"Kijana," alisema, "hivi vyote ni vya kushoto."

"Ndiyo, afande."

"Sasa utavivaaje?"

Nikamwambia kimoja ni changu, cha pili ni cha Lasse.